Saratani ya kujamiiana kwa mbwa: jinsi ya kumuuguza mpaka sindano ya mwisho

Mbwa akianza kudondosha damu sehemu za siri, maelezo huwa ni yale yale. Kama ni jike, watu husema yuko kwenye joto. Kama ni dume, husema ameumizwa na wenzake huko barabarani. Wiki zinapita, damu haikati, na uvimbe unapochungulia nje ushauri wa majirani ni kumtupa mbali au kumwekea sumu. Inasikitisha mno, kwa sababu hii ni mojawapo ya saratani chache za mbwa ambazo wagonjwa walio wengi hupona kabisa. Dawa yake ipo, huchomwa mara moja kwa wiki, na kwa kawaida wiki 4 hadi 6 zinatosha. Wanaoshindwa kupona mara nyingi wameshindwa kwa mambo ya nyumbani: sindano kukatishwa, homa kutoonekana mapema, mbwa kufunguliwa usiku akaenda zake.

Mwongozo huu ni wa mwenye mbwa na yeyote anayemlisha, awe mlinzi wa getini au mtoto mkubwa wa nyumba. Kuchoma sindano ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa, na hakuna hatua hapa inayokuruhusu kuichoma mwenyewe. Vipimo vya dawa tumeviandika ili uelewe anachofanya daktari na uweze kumuuliza.

Ugonjwa wenyewe

Kwenye kadi ya mbwa daktari huuandika TVT, kifupi cha jina lake la Kiingereza, transmissible venereal tumour. Saratani nyingine huanza pale seli za mwili wa mgonjwa mwenyewe zinapoharibika. Hii haianzi hivyo. Seli za saratani, zikiwa hai, hutoka kwa mbwa mmoja na kuota kwa mwingine wakati wa kupandana, kulambana au kunusana mahali penye uvimbe. Daktari wa mifugo wa Urusi, Mstislav Novinsky, alilionyesha jambo hili mwaka 1876 kwa kupandikiza vipande vya uvimbe kutoka mbwa hadi mbwa. Mwaka 2006 uchunguzi wa vinasaba ulithibitisha kwamba uvimbe huu, uwe Mombasa au Amerika ya Kusini, ni ukoo mmoja wa seli uliotoka kwa mnyama mmoja aliyekufa maelfu ya miaka iliyopita. Kwa hiyo uvimbe alionao mbwa wako haukutokana na mwili wake, na kinga yake ikisaidiwa na dawa ina uwezo wa kuufuta wote.

Binadamu haupati, wala paka wala mifugo. Mbwa kwa mbwa unaambukiza sana.

Kutoka siku ya kupandana hadi uvimbe kuonekana huchukua miezi 2 hadi 6. Mbwa aliyezurura mwezi Machi anaweza kuanza kuvuja damu Agosti, wakati wewe umeshasahau.

Hatua ya 1: Hakikisha ni ugonjwa huu

Kwa dume, uvimbe hujificha nyuma, kwenye shina la uume, na hauonekani mpaka govi livutwe nyuma kabisa. Unachokiona nje ni tone la damu au majimaji ya damu, na mbwa anayejilamba kila saa. Kwa jike, damu hutoka nje ya msimu wake. Joto la kawaida humchukua wiki 3 hivi, kisha hukaa miezi kadhaa kabla ya jingine, kwa hiyo damu inayoendelea zaidi ya mwezi haina uhusiano na joto. Uvimbe wenyewe ni mwekundu, laini, umegawanyika vifungu kama koliflawa, na ukiguswa humeguka na kutoa damu.

Unaweza pia kukaa puani au mdomoni, kwa sababu mbwa hunusa na kulamba. Dalili zake ni chafya zisizoisha, damu kutoka tundu moja la pua, mfupa wa pua kuvimba, au meno kulegea kwenye ufizi mwekundu. Hawa ndio wanaochelewa kutibiwa kuliko wote, kwa kuwa kila mtu hufikiri ni mafua au homa ya kupe.

Kipimo ni rahisi. Daktari hugandamiza kioo cha maabara juu ya uvimbe, au huvuta seli kwa sindano nyembamba, anapaka rangi na kutazama kwa darubini. Seli za TVT ni za duara na zina vitundu vyeupe vinavyojulikana vizuri. Jibu huweza kutoka siku ile ile. Usikubali matibabu yaanze kwa kutazama kwa macho tu, kwa sababu zipo saratani nyingine za sehemu hizo ambazo dawa hii haiziponyi. Kama kliniki ya karibu haina darubini, sampuli au mbwa mwenyewe apelekwe kwenye hospitali ya wanyama ya chuo kikuu: SUA Morogoro, Kabete Nairobi, au Makerere Kampala.

Kabla ya sindano ya kwanza, omba mambo manne. La kwanza ni picha kamili ya damu, ile inayoitwa FBP hospitalini. La pili ni kipimo cha magonjwa ya kupe, kwa sababu mbwa wengi wa huku wana ugonjwa wa kupe bila dalili. Ugonjwa huo hushusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na chembe nyeupe, na dawa ya saratani ikiingia juu yake damu huanguka vibaya. Daktari akiukuta, huutuliza kwanza. La tatu, kwa jike, ni kuhakikisha hana mimba wala hanyonyeshi, maana dawa itaathiri watoto. La nne ni uzito halisi kwenye mizani.

Na upasuaji je? Wengi huuomba kwa kuwa unamaliza kazi siku moja. Kwa uvimbe huu kisu peke yake kinadanganya: seli chache zikibaki, au zikidondokea kwenye kidonda kibichi, uvimbe huota upya pale pale. Kisu kina nafasi yake kwa kipande kidogo kilichogoma kuisha baada ya dawa.

Hatua ya 2: Elewa dawa

Dawa inaitwa vinkristini. Asili yake ni ua la Madagaska, lile fupi lenye petali tano za waridi au nyeupe linalopandwa mbele ya nyumba nyingi za Pwani. Wapo wanaosikia habari hii wakachuma majani na kumchemshia mbwa. Usifanye hivyo kamwe. Mmea huo ni sumu, kiasi cha dawa ndani ya jani hakijulikani, na dawa yenyewe hufanya kazi kwa usalama ikiingia kwenye mshipa wa damu tu.

Kipimo cha kawaida ni miligramu 0.5 hadi 0.7 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, mara moja kila wiki. Eneo la mwili hukokotolewa kutoka kwenye uzito: mbwa wa kilo 10 ana takriban mita za mraba 0.46, wa kilo 20 ana 0.74, wa kilo 30 ana 0.97. Kwa hiyo mbwa wa kilo 20 hupata kati ya miligramu 0.37 na 0.52, yaani chini kidogo au karibu na nusu ya kichupa cha miligramu 1. Utaona mara moja kwa nini uzito wa kukisia ni hatari. Mbwa aliyepungua kilo 4 tangu wiki ya kwanza akipewa kipimo kile kile anazidishiwa dawa.

Mpime kila wiki. Kama huna mizani ya mifugo, simama na mbwa mikononi juu ya mizani ya bafuni, kisha ujipime peke yako na utoe.

Kichupa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na mwanga. Ukiambiwa uinunue mwenyewe famasi na kuileta, ibebe kwenye chombo cha barafu, ikiwa imefungwa kwa karatasi ili isigusane na barafu moja kwa moja. Dawa iliyoshinda kwenye dashibodi ya gari usiipeleke kwa daktari.

Hatua ya 3: Andaa nyumba

Kabla ya sindano ya kwanza uwe na kipimajoto cha dijitali kitakachotumika kwa mbwa peke yake, mafuta ya mgando, boksi la glavu za mpira, kola ya plastiki ya kumzuia kujilamba, sabuni, jiki, na daftari. Daftari lina safu nne: tarehe, joto la mwili, alichokula, kinyesi. Mtu mmoja awe na jukumu la kuliandika. Ikiwa mlinzi ndiye anayekaa na mbwa, mfundishe yeye, na namba ya daktari iandikwe kwenye ganda la daftari.

Banda liwe na sakafu inayooshwa, kivuli, na mlango unaofungwa kweli. Mbwa wa ulinzi amezoea kufunguliwa usiku. Kwa wiki hizi atoke kwa mnyororo tu. Dume mwenye uvimbe aliye huru usiku mmoja anaweza kuambukiza majike kadhaa, na jike aliye kwenye joto huvuta madume wa mtaa mzima mpaka mlangoni. Mbwa wengine wa nyumbani watengwe naye. Mabakuli yawe mbalimbali, na wasilambane.

Hatua ya 4: Siku ya sindano

Hii ndiyo siku ambayo kosa dogo huacha kidonda kikubwa. Vinkristini ikivuja nje ya mshipa huua nyama iliyo karibu. Mguu unaweza kuvimba, ngozi ikawa nyeusi na kudondoka, na kidonda kikachukua miezi kufunga. Haya yote yanazuilika.

Mpeleke asubuhi, akiwa amekula chakula chepesi. Kwanza hutolewa damu kwa ajili ya FBP, na sindano husubiri jibu. Namba ya kuangalia ni ya neutrofili, zile chembe nyeupe zinazopambana na bakteria. Zikiwa chini ya 1,500 hadi 2,000 kwa kila maikrolita, madaktari wengi huahirisha kwa siku 3 au 4, wakarudia kipimo, na pengine kupunguza dawa. Kuahirisha kwa sababu hii ni sawa kabisa na hakuharibu tiba. Kumchoma mbwa ambaye chembe zake zimekwisha kunaweza kumuua.

Kisha angalia kazi inavyofanyika. Daktari anyoe manyoya juu ya mshipa wa mguu na kuweka kanula mpya, ule mrija mwembamba wa plastiki unaokaa ndani ya mshipa, kwa mchomo mmoja safi. Mshipa uliotobolewa mara mbili tatu pale pale utavuja, hivyo mchomo wa kwanza ukikosa ahamie mguu mwingine. Apitishe kwanza maji ya chumvi ya hospitali, mililita 5 hadi 10, yapite bila uvimbe wala mbwa kuvuta mguu. Dawa ifuate polepole, halafu maji ya chumvi tena ili kusafisha kanula kabla ya kuitoa. Kazi yako wewe ni kumshika asitikisike: mkono mmoja chini ya shingo, mwingine nyuma ya kiwiko cha mguu unaochomwa, na umwongeleshe kwa sauti anayoijua. Mbwa mkali afungwe mdomo. Mbwa asiyeshikika kabisa apewe dawa ya kumtuliza. Kung'ang'ana naye ndiko kunakosababisha dawa kumwagika.

Zikitokea dalili za kuvuja, yaani uvimbe mdogo chini ya ngozi au mbwa kulia ghafla, daktari husimama hapo hapo, huacha kanula mahali pake, na kuvuta nje dawa yote inayovutika. Kwa vinkristini pahali hapo hukandwa kwa maji ya moto wastani, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku kwa siku mbili au zaidi. Watu hukimbilia barafu kwa mazoea, na kwa dawa hii barafu huzidisha madhara. Madhara ya kuvuja yanaweza kujitokeza hata siku kadhaa baadaye, kwa hiyo kagua mguu ule kila siku kwa wiki nzima. Akiulamba mfululizo, au ukiwa mwekundu na wa moto, mvalishe kola na umrudishe kliniki siku hiyo.

Hatua ya 5: Siku 3 za kwanza, uchafu wake

Sehemu kubwa ya dawa hutoka mwilini kupitia nyongo na kinyesi, na kidogo kwa mkojo. Kwa siku 3, kinyesi, mkojo na matapishi vishikwe kwa glavu, na kwa kinyesi endelea hivyo wiki nzima. Tupa chooni, au kwenye shimo la choo. Usitupe bustanini kwenye mboga. Sakafu imwagiwe maji mengi na sabuni kwanza, isuuzwe, ndipo upake jiki iliyochanganywa sehemu 1 kwa maji sehemu 10. Jiki ikimwagwa juu ya mkojo mbichi hutoa hewa inayochoma mapafu, basi fuata mpangilio huo. Blanketi na matambara yake yafuliwe peke yake.

Mjamzito, anayenyonyesha na watoto wadogo wasishughulike na kazi hii hata kidogo, na mbwa asiwalambe. Kumpapasa mgongoni hakuna shida.

Hatua ya 6: Siku ya 4 hadi ya 9, chunga homa

Hapa ndipo mbwa wanapopotea wakati uvimbe unazidi kupungua. Vinkristini huzuia seli kugawanyika, na uboho unaotengeneza chembe nyeupe ni mahali ambapo seli hugawanyika usiku na mchana. Chembe hizo hushuka zaidi kati ya siku ya 4 na ya 9 baada ya sindano. Bakteria ambaye kwa siku ya kawaida asingemsumbua anaweza kuingia kupitia kidonda au utumbo na kumlaza ndani ya saa chache.

Pima joto asubuhi na jioni. Paka kipimajoto mafuta ya mgando, kiingize kwenye njia ya haja kubwa sentimita 2 hadi 3, kiegemeze ukutani mwa njia hiyo ili kisisome kinyesi, subiri kilie. Mbwa mzima ana nyuzi 38 hadi 39.2. Ukisoma zaidi ya 39.4, mwache apumzike kivulini, pima tena baada ya nusu saa, na ikibaki hivyo mpigie daktari muda huo huo, hata kama ni usiku. Atahitaji antibayotiki na pengine dripu. Mbwa aliyelegea, anayetetemeka na asiyeinuka unapomwita apelekwe hata kama kipimajoto kinasoma 38, kwa sababu maambukizi makali huweza kushusha joto.

Usimpe Panadol ili kushusha homa. Utaificha dalili pekee uliyokuwa unaitafuta, na kipimo cha binadamu humletea mbwa sumu. Dikilofenaki na ibuprofeni ni mbaya zaidi: hutoboa tumbo na kuangusha figo za mbwa, hata kidonge kimoja kwa mbwa mdogo. Maumivu yakiwepo, daktari anazo dawa za mbwa.

Angalia na fizi kila siku. Inua mdomo, gandamiza ufizi kwa kidole hadi uwe mweupe, achia. Rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2. Fizi zilizopauka kama karatasi, au madoa mekundu madogo madogo kwenye fizi na tumboni, ni habari za kumwambia daktari siku hiyo.

Tumbo pia hulegea. Anaweza kutapika au kukataa chakula siku ya 2 hadi ya 5, na vinkristini ina tabia ya kufanya utumbo ulale: siku 3 bila kinyesi, au tumbo kujaa na kuuma, mpigie daktari. Kutapika zaidi ya mara 2 kwa siku kunahitaji sindano ya kuzuia kutapika. Mara chache miguu ya nyuma hudhoofika, mbwa akakanyaga kwa mgongo wa kidole. Hurudi polepole dawa ikipunguzwa au kusimamishwa. Manyoya hayadondoki kwa mbwa wengi, isipokuwa sharubu na wale wa manyoya yanayokua bila kukoma.

Chakula

Mbwa wa kilo 20 anayelala tu anahitaji takriban kalori 660 kwa siku, na hicho ndicho kiwango cha chini cha kupigania. Kwa vyakula vya nyumbani ni gramu 200 za kuku wa kuchemsha asiye na ngozi wala mifupa, gramu 200 za wali uliokwisha kupikwa, na yai 1 la kuchemsha. Gawa mara 4. Bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwani vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu na yeye tayari amepoteza damu. Dagaa ni wazuri wakioshwa mchanga na chumvi na kuchemshwa vizuri. Ugali mtupu wa kila siku hautoshi, una unga mwingi na protini kidogo.

Nyama mbichi, matumbo mabichi ya machinjioni na maziwa yasiyochemshwa yaondoke kabisa mpaka tiba iishe, kwa sababu ya ule ukosefu wa chembe nyeupe. Akisusa, pasha chakula kiwe vuguvugu kinukie, mimina supu ya kuku juu yake, mpe kwa mkono. Asipokula saa 24, piga simu. Usimlazimishe kwa bomba la sindano, anaweza kupaliwa.

Kidonda, funza na kosa la ivermektini

Osha uvimbe mara 2 kwa siku kwa maji ya chumvi: chemsha maji lita 1, tia gramu 9 za chumvi laini, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa, acha yapoe. Mwagia kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kausha kwa kitambaa safi kwa kugusa tu. Spiriti na dawa kali za kuua vijidudu huchoma nyama laini ya sehemu hizo, ziache. Kola ya plastiki ibaki shingoni. Kujilamba hupeleka seli puani na mdomoni.

Nzi hutaga kwenye kidonda chenye damu, na ndani ya siku moja kuna funza. Ukiona vitu vyeupe vinavyocheza au kusikia harufu kali, mwagia maji ya chumvi kwa wingi, wachomoe kwa kibano wote unaowaona, halafu umpeleke akasafishwe ndani. Kumwagia petroli au mafuta ya taa, kama inavyofanyika sehemu nyingi, kunaunguza kidonda na sumu yake huingia mwilini.

Hapa ndipo mtu huleta sindano ya ivermektini, ile ya ng'ombe, kwa ajili ya funza, kupe au ukurutu. Kwa mbwa aliye kwenye vinkristini isitumike. Mwili una pampu moja inayotoa dawa hizi zote mbili nje ya seli na kuzizuia kuingia kwenye ubongo. Zikipishana hapo, sumu hupanda. Ketokonazo ya fangasi huleta tatizo hilo hilo. Mbwa wa jamii ya Collie mara nyingi huzaliwa na hitilafu kwenye pampu hiyo, kwa hiyo mwambie daktari mapema kama wako ana damu ya Collie ili apunguze kipimo. Kupe waondoe kwa mkono wenye glavu, ndani ya masikio na katikati ya vidole, na umuulize daktari dawa nyingine ya kupe.

Dharura moja isisubiri kukuche: mbwa anayechuchumaa au kuinua mguu mara nyingi, akikamua bila mkojo kutoka. Uvimbe umeziba njia, na kibofu kilichojaa siku nzima huua figo. Atawekewa mpira wa mkojo wakati dawa inafanya kazi.

Lini kuacha

Damu mara nyingi hukoma baada ya sindano ya kwanza, na kufikia ya pili au ya tatu uvimbe umenywea nusu au zaidi. Wengi huacha hapo. Mbwa anacheza, anakula, nauli ya kliniki inauma, na jicho halioni kitu. Lakini jicho halioni seli. Zilizobaki ni zile zilizostahimili dawa kuliko nyingine, na zikiota upya vinkristini huweza isizitoe tena. Daktari afunue govi, au akague uke kwa kidole na taa, na kama panaonekana mabaki atazame seli kwa darubini kabla ya kusema basi. Mbwa wengine huhitaji sindano 8, hasa wenye uvimbe wa muda mrefu, wa puani, au majike waliokuwa kwenye joto.

Piga picha ya uvimbe kila wiki kabla ya sindano, ukiweka rula pembeni. Ikiwa baada ya sindano 3 hakuna kilichopungua, au baada ya 8 bado kipo, kuongeza vinkristini hakutasaidia. Dawa ya pili ni doksorubisini, ambayo ni kali zaidi, huathiri moyo, na inahitaji hospitali yenye uzoefu nayo. Mnururisho, yaani tiba ya mionzi, huponya vizuri sana pia, ingawa kwa wanyama mashine hizo ni adimu mno Afrika Mashariki. Uvimbe uliofika kwenye macho au ubongo, mbwa ambaye halali kwa maumivu na hali chochote licha ya dawa, hao mzungumze na daktari kuhusu kumlaza kwa sindano asiamke tena. Ni wachache.

Akipona, akaguliwe tena baada ya mwezi 1 na baada ya miezi 3. Kuhasiwa kufanyike damu yake ikisharejea, neutrofili na chembe sahani zikiwa za kawaida. Chanjo ya kichaa cha mbwa haina virusi hai, kwa hiyo kama muda wake umepita mkumbushe daktari amchanje. Zile chanjo zenye virusi hai zisubiri tiba iishe. Mbwa wengine wa nyumbani, na wa jirani aliyepandana naye, wakaguliwe kila mwezi kwa miezi 6: govi livutwe nyuma kabisa, uke ufunuliwe, fizi na pua vitazamwe. Watoto wa jike aliyekuwa mgonjwa wakaguliwe puani na mdomoni, kwa kuwa mama aliwalamba tangu walipozaliwa.